Garimoshi Lililopiga Hodi

Usiku wa jana niliota nipo Marekani ya zamani, enzi za garimoshi la makaa, na mimi ni karani wa Seneta Lemuel Hatchell, mtu wa ndevu nyingi na kofia mbili. Akivaa ile ndefu ni seneta, anatunga sheria. Akivaa ile fupi ni mkuu wa shirika la reli, anajishukuru.

"Nilianza kwa kuchunga nguruwe," ananiambia tukiwa ndani ya behewa. "Nikawa wakili, nikawa mbunge. Sijawahi kuingia kwa mtu bila kukaribishwa."

"Ndiyo, mheshimiwa." Mimi si mtu wa kubishana na ndevu.

Akavaa kofia ndefu, akapitisha sheria. Reli itapita ndani ya nyumba yoyote itakayoikaribisha. Garimoshi litapiga hodi mara tatu. Lisipojibiwa, litazunguka.

"Na likijibiwa?"

"Nitanyooka," likasema garimoshi lenyewe, kwa adabu.

Nikachungulia nje. Nyanda za Nebraska zimekwisha, tuko Muheza, uani kwetu. Mbele ya injini ni chumba cha mama, na mama yumo, miguu imevimba, hawezi kuinuka.

Nikaruka, nikalisukuma garimoshi kwa mikono miwili.

"Dada, utachafuka," likaniambia. Kisha likasema, "Hodi."

Nikakimbilia chumbani. Mama yangu ni mtu wa kumtolea kiti hata anayemdai. Amekwisha kufungua macho.

"Zuhura, kuna mgeni."

"Si mgeni, mama. Ni reli."

"Reli haina kwao?"

"Lala, mama, nakuomba."

"Hodi."

Kuta zinatetemeka. Mtungi wa maji unaniambia nifanye hima, kana kwamba mimi nimekaa. Mama anavuta pumzi. Namjua, hodi ya tatu hajawahi kuiacha ipite.

"Hodi."

"Kari..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akaning'ata. Sikumwachia. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Huko nje seneta akavua kofia zote mbili, garimoshi likashusha pumzi, likazungukia upande wa migomba.

Nikaamka kumekucha. Mama ameegemea mto, ananitazama kwa hasira, midomo imejaa masizi, na shavuni ana alama za vidole vinne vyeusi.

"Mtu anapiga hodi mara tatu, wewe unaniziba mdomo," akasema. "Hivyo ndivyo nilivyokulea?"