Kipimo cha Apua

Mimi Ejore ni mwalimu mwenye hasira za karibu, sifichi. Apua alinimaliza subira. Msichana wa miaka tisa, nikimwita mara tatu haitiki. Nikimfokea, anabaki kunitazama mdomo tu. Mwishowe nikaamua ni kiziwi, nikamjazia fomu ya shule ya bweni ya viziwi, safari ya siku mbili kutoka hapa Kakuma. Ni shule nzuri. Baba yake alisema mtoto akienda huko hatamwona hadi mwaka uishe, nikamwambia elimu haina huruma. Ilibaki sahihi ya mpimaji wa masikio, na kesho yake fomu ilitakiwa ofisini Lodwar.

Mpimaji ni Clotilde, mkimbizi kutoka Kongo. Alizima feni ya chumba chake cha kupimia, tukaloa jasho. Akangoja boda boda ipite nje, ndipo akamvisha Apua vipokea sauti, akamkalisha akiipa mashine mgongo asije akaibia kwa macho. Alikuwa amemwonyesha kwa ishara: akisikia mlio, ainue mkono. Mkono ukakaa pajani. Milio ilipokuwa mikubwa hata mimi kwenye kona nikaisikia, ndipo akauinua.

"Si umeona?" nikasema. "Weka sahihi, twende."

"Mwalimu, ngoja kwanza. Sikio iko na vyumba tatu. Mimi nimepiga hodi kwa mulango ya inje tu."

Akamgeukia baba, Mzee Lomunokol, mfugaji aliyekuwa ameketi juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanaume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilazia kichwa usiku.

"Papa, kule nyumbani kuna kitu mutoto anasikiaka?"

Mzee akatazama sakafu. "Anasikia mbuzi."

"Mbuzi gani!" nikadakia.

Clotilde akaninyamazisha kwa kidole. Maneno yakamtoka mzee kwa shida kama jino linalong'olewa. "Analala kichwa kwa hii ekicholong yangu. Anasema, baba, mbuzi narudi. Mimi bado sijasikia kitu. Halafu kweli, zinakuja."

Nilishtuka. Kwetu ekicholong ni ya mwanaume, msichana haigusi. Mzee kulikiri jambo hilo mbele ya watu ilikuwa kujivua nguo, ndiyo maana hakuwahi kuniambia, ingawa mwanawe alikuwa karibu kuchukuliwa. Na mimi msomi sikuwahi kumuuliza. Kuuliza si ujinga, nawafundisha watoto kila siku.

Mwingine angecheka. Clotilde alipiga kofi moja la furaha. "Asante, Papa. Umenionyesha njia."

Akachukua kifaa kidogo mfano wa kifuniko cha chupa, akakibana kwenye mfupa nyuma ya sikio la Apua. Akabonyeza mlio mdogo. Mkono juu. Akaupunguza. Mkono juu. Akaupunguza tena, na mtoto akauinua huku anacheka.

"Chumba ya ndani iko muzima!"

Akatueleza taratibu, mzee kwanza. Sauti hugonga ngoma ya sikio, ngoma husukuma vifupa vitatu vidogo, navyo huipeleka ndani kwenye mishipa ya kusikia. Akamulika kwa kitochi chake: nyuma ya ngoma za Apua kumejaa ute mzito kama uji, vifupa vimekwama. Ila sauti ikipita kwenye mfupa wa kichwa, hufika ndani bila kuvihitaji, ndivyo kishindo cha kwato za mbuzi kilivyomfikia kupitia ardhi na kigoda.

"Hii daktari wa Lodwar anaweza tibu," akasema, akaikunja fomu yangu na kuanza kuandika barua ya hospitali. Mzee akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Nimekutana na wasomi wengi, lakini sijaona anayesikiliza watu kama mwanamke yule.

Kisha akanipa kipaza sauti cha mashine. Kile kifaa kilikuwa bado mfupani.

"Sema naye, Mwalimu. Pole pole."

Miaka miwili nilikuwa nikimfokea. Sikujua nianzie wapi.

"Apua," nikamsalimu kwa Kiturkana, kwa sauti ya chini, "ejok?"

"Ejok," akaitikia papo hapo. Akageuka, akanikazia macho kwa mshangao. "Mwalimu, kumbe hunichukii."

Nililia mbele ya baba yake, wala sikuona haya.