Jina la Mfalme Kinywani mwa Mama

Pale chuoni walimwita Kamusi, na mwenyewe alilipenda jina hilo, ingawa alijifanya kukunja uso. Lugha saba alizijua, zote kwa ajili ya kulisaka jina la mfalme mmoja wa zamani za kale. Maadui waliomshinda mfalme huyo walilichukua jina lake wakalikata mkia. Wafanyabiashara wakalitia irabu ili liwatoke vizuri mdomoni. Watawa wakampa mtakatifu wao jina hilo. Na leo, maskini mfalme wa watu, jina lake liko kwenye sabuni ya kufulia. Kamusi aliifuata njia hiyo kinyumenyume, toka kwenye sabuni hadi kwa maadui. Ilibaki hatua moja: jina lenyewe, kama walivyolitamka watu wa mfalme.

Na kati ya watu wa mfalme alikuwa amebaki mmoja tu aliyeijua lugha yao, mama mzazi wa Kamusi, mshona mapazia.

Miaka yote mama alimwambia akae amfundishe lugha ya kwao, akamtania kwamba anafua nguo za majirani huku zake zinanuka. Kamusi akicheka, akijibu kesho, Mama, nimalize hii kwanza. Akamaliza hii, ikaja ile. Haya basi, ngoja ngoja huumiza matumbo. Kiharusi hakikuisubiri kesho yake.

Wodini mama alilala kimya, mdomo umekwenda upande. Kamusi akavuta kiti, akaiweka simu juu ya shuka irekodi, akayataja majina ya mfalme moja moja, hata la sabuni. Kwa kila moja mama alitikisa kichwa kukataa. Kisha akamshika binti yake mkono, akasema.

Alisema sana, jamani, tena kwa lugha yake, bila kukwama. Nyingine zote kiharusi kilikuwa kimezizoa. Akacheka kidogo, akalia kidogo, akauliza kitu, akangoja.

"Mama, sielewi," Kamusi alisema. "Jina ni lipi?"

Mama akauliza tena lile lile, polepole. Alipokosa jibu akageukia ukutani.

Walimzika wiki ile ile. Kamusi huisikiliza ile sauti kila atokapo kazini. Jina huenda limo, huenda halimo, huenda mama aliomba maji tu, na hakuna wa kumuuliza. Lile swali amelikariri, maana lilisemwa mara mbili. Analitamka sawasawa kama mama, na hajui anauliza nini.