Jina Walilolipigia Kelele Moca

Siku niliyotimiza miaka kumi na sita nilikatiwa keki, nikavishwa saa ya dhahabu na kuachishwa kazi, yote kabla soda hazijapoteza ubaridi. Picha zilipigwa pia. Don Evaristo, mwenye kundi letu la uimbaji, aliweka sheria tangu mwanzo kwamba Bahía ni kundi la wavulana, na mvulana akishafika kumi na sita anashuka, anapanda mwingine. Sheria niliijua. Mimi mwenyewe niliingia nikiwa na kumi na mbili, nikachukua nafasi ya kijana mmoja wa mji wa Ponce ambaye sikumuuliza hata anakwenda wapi. Wakati huo Bahía haikujulikana hata mtaa wa pili, kwa hiyo hakuna aliyemlilia.

Aliyepanda baada yangu aliitwa Yamil. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, masikio yamemtoka, shingo nyembamba. Keki bado iko mezani, fundi alikuwa tayari anampima koti langu jeupe, analipunguza mabega kwa pini. Mtoto kasimama wima anaogopa kuchomwa.

"Kaka Osvaldo, samahani," akaniambia.

"Vaa tu. Ila ujue linanuka jasho langu tangu Caracas."

Wenzangu wakacheka. Jioni ile walipanda ndege kwenda Mexico, na mimi mama akanichukua kwa gari la mjomba, tukarudi kwetu Aguada.

Watu hudhani kilichoniuma ni kukosa wale wasichana wa uwanja wa ndege, wenye mabango na machozi. Wale walinichosha, na mmoja aliwahi kuning'oa nywele. Kilichoniuma ni chumba. Kwa miaka minne nililala hotelini, mwenzangu Wilo akiwa kitanda cha pili, anakoroma, anaongea na mama yake ndotoni, ananirushia soksi nikizima taa mapema. Sasa nililala peke yangu katika chumba ambacho mama alikipaka rangi upya na kubandika picha zangu ukuta mzima. Nikifumbua macho, najiona. Nikigeuka upande wa pili, najiona tena, nimevaa koti jeupe, natabasamu kijinga.

Juma la kwanza nilimpigia Wilo hotelini kwake Mexico. Nyuma yake nikasikia vicheko, na mtu anapiga mayowe.

"Kuna nini huko?"

"Tunambatiza mtoto. Tumemmwagia ndoo ya barafu."

"Mbona mimi hamkunimwagia?"

"Tulikumwagia, we! Ukalia mpaka Don Evaristo akaja na taulo."

Nilikuwa nimesahau. Nikacheka naye, nikamwambia asisahau kunipigia, akasema hawezi kusahau. Hakupiga. Simlaumu, maana nilipokuwa huko mimi pia sikumpigia mtu.

Mama hakuwa mtu wa kukaa anaomboleza. Mwezi haujaisha alishajifanya meneja wangu, akanunua viatu vya kisigino na mkoba wa kuwekea karatasi, akaenda Mayagüez kumng'ang'ania mtu mmoja wa redio aliyeitwa Papo Quiles. Papo alikuwa na kampuni ndogo ya kutoa sahani za muziki. Alinirekodi nyimbo kadhaa mpya, zangu peke yangu, halafu akaziweka kabatini.

"Sauti ipo," aliniambia. "Lakini sauti ya studio hata kuku anaweza kuwa nayo. Mwezi wa tisa utaimba kwenye sikukuu ya mtakatifu pale Moca. Nitakuja. Ukiwashika watu, sahani inatoka, naipiga asubuhi na jioni. Usipowashika, urudi shule, kijana wangu. Hakuna ubaya."

Ubaya ulikuwepo. Shule niliiacha nikiwa na kumi na mbili. Masomo yetu tuliyasomea ndani ya ndege, na mwalimu wetu alikuwa na kichefuchefu. Ningerudi kukaa dawati moja na watoto wanaonifikia kifuani, wote wananijua, wote wanasubiri nikosee hesabu. Nilikuwa radhi nife. Na zaidi ya shule, sikuwa najua kitu kingine chochote cha kufanya na mwili wangu zaidi ya kusimama mbele ya watu na kuimba.

Nilifanya mazoezi kwenye banda la gari, mlango wazi kwa ajili ya joto. Jirani yetu, Don Chago, alikuwa akipita na mbwa wake, anasimama pale getini.

"Osvaldo! Wenzako wamechelewa leo?"

Kila siku utani ule ule, na kila siku mama alitoka jikoni kumjibu, "Wewe mwenyewe mkeo amechelewa mwaka wa ngapi huu?" Mzee anacheka, anavuta mbwa wake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiimba kwa kufuata kanda yenye ala tupu, na kila nilipopumua palikuwa na kimya ambacho zamani kilijazwa na mtu.

Moca ilikuwa Jumapili alasiri. Uwanja mbele ya kanisa ulijaa mabembea, mishikaki na wauza barafu ya sharubati. Mbele kabisa ya jukwaa walisimama wasichana waliofunga vitambaa vya Bahía kichwani. Nilipowaona nilipata moyo. Papo Quiles alikuwa kando, kofia mkononi. Mama alikuwa nyuma karibu na mtu wa kanda, amevaa gauni jipya la bluu, anajipepea kwa programu ya misa.

"Baraka, mama," nikamwambia kabla sijapanda.

"Mungu akubariki, baba. Kawamalize."

Niliimba wimbo wangu wa kwanza. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mgeni wa heshima akitoa hotuba. Wa pili wakaanza kutafuna. Wa tatu msichana mmoja wa mbele aliuliza kwa sauti, bila ubaya wowote, "Wengine wako wapi?" Mwenzake akamwambia anyamaze. Nilimwona Papo akivaa kofia. Jasho likanitoka mgongoni, na nikajua kabisa kwamba nikishuka pale nimekwisha.

Ndipo spika zikatoa mlio ambao sikuuagiza. Mama alikuwa amebadilisha kanda. Ulikuwa mwanzo wa "Dirisha", wimbo mkubwa kuliko wote wa Bahía, na uwanja mzima ulilipuka. Watu walitupa vijiti vya mishikaki, wakasukumana mbele. Hata mwanamke mmoja mtu mzima aliyebeba mtoto alikuwa anaruka naye.

Nilifanya nini? Niliimba. Mwili ulianza wenyewe. Katika "Dirisha" kila mmoja wetu ana mstari wake, na wasichana wana desturi yao: mstari wa mtu ukianza, wanapiga kelele jina lake. Huko Mexico, huko Caracas, kwetu, ni vivyo hivyo. Nikaimba mstari wa Wilo, wakalia, "Wiiilo!" Nilicheka. Nilimpisha Wilo apite mbele yangu kama tulivyozoea, nikanyoosha kiganja apige, na kiganja kikabaki hewani. Nikaimba mstari wa Néstor, wakalia Néstor. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Nilihisi jamaa wote wamefika.

Kisha ukaja mstari wangu. "Usifunge dirisha, niko njiani." Miaka minne niliuimba huo. Nikafumba macho, nikaimba kwa nguvu zangu zote.

"Yamiiiil!"

Uwanja mzima. Wote kwa pamoja, kwa mapenzi, mikono juu. Nilifumbua macho nikawaona wananitazama usoni, wanalia machozi, wanaita Yamil. Hawakuwa wananikejeli. Wengi hawakujua hata kama wamekosea. Mstari ule ulikuwa na jina jipya mwaka mzima sasa, kwenye redio na televisheni za kwetu, nao walitoa jina linalotolewa. Nilimalizia wimbo. Sijui nilimalizia vipi, ila walipiga makofi mpaka mapadri wakatoka mlangoni kuangalia.

Papo alinikumbatia kwenye ngazi. "Umewashika! Sahani inatoka, na wimbo huu ndio wa kwanza. Alhamisi uje studio, tuurekodi uimbe peke yako mistari yote. Don Evaristo niachie mimi."

Ndani ya gari mama hakunyamaza mpaka tulipofika daraja la Aguada.

"Umesikia zile kelele?"

"Waliita Yamil, mama."

"Waliita nini?"

"Yamil. Hawakuita Osvaldo."

Alibadilisha gia. Kisha akasema, "Waache waite hata Baba Mtakatifu wa Roma. Mradi wamekuja." Alisema hivyo, lakini aliniwekea mkono gotini na hakuuondoa hata kwenye kona.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa, shati langu la studio limepigwa pasi linaning'inia mlangoni, simu ikalia. Nilidhani ni Wilo. Nikaikimbilia.

"Kaka Osvaldo? Ni Yamil. Niko Caracas. Namba nimeiiba kwa Wilo, usimwambie."

"Una nini?"

"Hakuna." Akavuta kamasi. "Nilitaka kukuuliza kitu. Ule mstari wa dirisha. Ulikuwa unafanyaje?"

"Unafungua mdomo, unaimba."

"Naimba! Naimba vizuri, Don Evaristo mwenyewe kasema. Lakini nikianza, wanaita Osvaldo. Mwaka mzima, kaka. Huku Caracas, Mexico, hata Panama. Jana msichana kanipa mwanasesere kamshonea jina lako. Na wenzangu hawa nao wamenishika, wananiita Osvaldo hata mezani. 'Osvaldo, nipe chumvi.' Nimeshachoka."

Mama alikuwa anafunga mkoba wake pale mlangoni, ananionyesha saa ya ukutani.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Kwanza nilifurahi, furaha chafu kabisa: kumbe wananiita! Kumbe kuna uwanja mahali fulani unalia jina langu! Nilitaka kukimbia hadi Caracas. Halafu nikamsikia anapumua kule, anasubiri, ana miaka kumi na minne na koti la mtu, na furaha yote ikanitoka. Ningeweza kumwambia avumilie, watazoea. Ndivyo wakubwa wanavyosema wakitaka kukata simu.

"Yamil," nikamwambia. "Jumapili niliimba Moca."

"Enhe? Walikuita?"

Mama alikuwa ananitazama. Nilimgeuzia mgongo.

"Walikuita wewe. Nilipofika kwenye mstari wetu, uwanja mzima ulikuita wewe."

"Unanitania."

"Naapa kwa bibi yangu. Mbele ya kanisa. Padri alitoka nje."

"Walisema Yamil? Yamil kabisa?"

"Hivi." Nikaweka kikombe chini, nikapiga kelele jina lake kama wale wasichana, kwa kuvuta, palepale jikoni, mpaka mbwa wa Don Chago akaanza kubweka. Nikapiga tena. Kule Caracas mtoto alicheka, kisha akaniomba mara nyingine, nami nikampa. Alikata simu bila kuniuliza mimi naendeleaje. Sikumkasirikia.

"Shati," mama akasema. "Tumechelewa."

"Siurekodi ule wimbo."

"Usinianze, Osvaldo."

"Kwenye mstari ule kuna mtu sasa, mama. Hata kama hajajua bado kwamba yuko pale, yupo. Nyimbo zangu nitaimba. Ule siimbi tena, hata ukibadilisha kanda."

Alikasirika kweli. Aliutupa mkoba mezani, karatasi zikatawanyika. "Na wewe? Nafasi yako iko wapi? Niambie, nikupeleke!"

"Sijui."

Aliketi, akavua viatu vya kisigino, akaanza kusugua miguu yake, na mimi nikaokota karatasi.

Papo Quiles hakugomba. Alisema anaelewa, kisha hakuitoa sahani. Wimbo mmoja aliupiga redioni siku chache kwa ajili ya mama, saa ambazo watu wako kazini, halafu basi. Mwezi wa kwanza nilirudi shule, na mambo yalikuwa kama nilivyoogopa, pamoja na hesabu. Lakini mama aliendelea kunitafutia vijisikukuu. Alivitafuta kwa hasira, lakini alivitafuta.

Cha kwanza kilikuwa mji wa Isabela, alasiri, mvua imetoka kukatika. Viti vilikuwa vimelowa. Walikuwepo wazee waliojikinga chini ya paa la duka la dawa, mwanamke anayekaanga samaki, na watoto wanaokanyaga madimbwi. Hakuna aliyevaa kitambaa kichwani. Nilisimama katikati ya jukwaa, nikajisikia mpweke kuliko nilivyowahi kuwa katika maisha yangu yote, na nilitamani mtu yeyote aite jina lolote, hata la mtu mwingine. Hawakuita. Walisikiliza, au walizungumza mambo yao. Tangu nikiwa na kumi na mbili nilikuwa nikiimba chini ya kelele, kwa hiyo sikuwa nimewahi kuisikia sauti yangu mbele za watu. Ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, na ilikwaruza kidogo mwishoni. Nikaimba wimbo wote, nikaisikiliza mpaka ilipoisha.