Kesi Aliyoibeba Mjomba Filemoni

Siku tatu nzima Cecil alikuwa hakai wala hasimami. Pale Newala alipewa meza, kiti na birika la chai ndani ya chumba cha faili za mahakama, na bado kila baada ya dakika mbili yuko mlangoni anachungulia. Barua aliyokuja nayo ilisema ni mzaliwa wa Masasi, mwanafunzi wa shahada ya pili huko Uingereza, anasomea uhalifu na adhabu, asaidiwe kusoma kesi za zamani. Hayo yote yalikuwa kweli. Ila msomi wetu kesi alizoletewa alizipitia juujuu tu. Roho yake ilikuwa kwenye kesi moja ya mwaka 1944.

Niseme mapema, maana sioni sababu ya kumfichia siri mtu mzima. Mwaka huo Cecil alikuwa na miaka kumi na tano, yuko likizo Chilangala kwa mjomba wake, Filemoni. Alichoma majani kusaka panya, upepo ukageuka, ghala la mbegu la serikali likateketea lote. Kwa watu wa huko mtoto ni wa ujombani, na kosa lake ni la ujombani vilevile. Siku ya kesi anayekaa mahali pa mshtakiwa ni mjomba, mtoto anabaki nyumbani. Filemoni akaenda akakaa, akasema ni yeye. Zamani mambo hayo yangeishia kwa mbuzi wawili watatu. Safari hii, kwa kuwa ghala lilikuwa la serikali, aliyekaa pale ndiye aliyefungwa, miaka miwili. Alipotoka akahamia Nanganga, ambako walimjua kama mchoma ghala tu, na kanisa halikumrudishia ualimu wa dini. Cecil anafika Newala, huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja mjomba anakaa benchi la nyuma kabisa, yeye aliyekuwa akisoma masomo mbele ya watu.

Siku ya nne karani, Mzee Muharami, aliingia na faili kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hili hapa la kwako. Panya walilianza, naona wakakuta halina chumvi."

Cecil alicheka kwa adabu, akalifungua upesi. Ukurasa wa tatu alikuta alichokuwa akikiogopa. Mama mmoja, Stamili, alisema mbele ya liwali, hakimu wa kesi ile, kwamba alimwona Cecil, mpwa wa Filemoni, akiwasha majani kwa kibiriti. Chini yake karani wa wakati ule aliandika kwamba mjomba amekaa badala ya mtoto, kwa desturi.

Sasa sikilizeni. Cecil alikuwa ameahidiwa uafisa wa magereza akimaliza masomo, na kwenye fomu alitia sahihi kwamba hajapata kutenda kosa lolote. Ukurasa ule ungemmwagia unga. Ukurasa uleule ungemsafisha Filemoni. Alijua yote mawili, hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mzee Muharami alipokwenda kuswali adhuhuri, Cecil aliuchana, akaukunja, akautia kwenye soksi. Jioni aliuchomeka kwenye jiko la mama muuza chai, akasubiri mpaka ukawa majivu.

Alidhani sasa atatulia. Wapi. Jumamosi alipanda lori mpaka Nanganga kumuaga mjomba, na njia nzima alikuwa anajipangusa jasho.

Filemoni alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwuliza habari za baridi ya Ulaya. Halafu akasema, "Nasikia unasoma makaratasi ya kesi. Yangu umeyaona?"

Cecil akaanza habari za lori alilopanda, mjomba akamkatiza.

"Stamili alieleza kila kitu, na nilimwona karani anaandika. Sikutaka kukusumbua ukiwa mtoto. Lakini mpwa akishakuwa mtu mzima huirudisha kesi mwenyewe, akasema mbele ya watu kosa ni lake, hiyo unaijua. Stamili amekufa, liwali amekufa, imebaki karatasi. Kesho Jumapili. Uwasomee kanisani, nirudi mahali pangu kabla sijafa."

Hapo Cecil akasema ukweli. "Haipo, mjomba. Nimeichoma."

Mzee hakugomba, na afadhali angegomba.

"Basi utasema kwa mdomo," alisema.

Akasema. Namtendea haki hapo: alisimama mbele ya kanisa zima, uafisa ameshautupa moyoni mwake, akatamka kwamba moto wa Chilangala aliuwasha yeye, na mjomba wake hana kosa. Kisha akina mama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa, Anselmo, alimjia na machozi machoni, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, baba. Umesoma mpaka Ulaya, na bado hukusahau kumbebea mjomba wako kesi."

"Simbebei. Ni mimi kweli."

"Ndivyo inavyosemwa," Anselmo alimjibu kwa upole. "Hata yeye alisema hivyohivyo kwa liwali."

Padri aliuliza kama kuna maandishi yoyote. Cecil akajibu hayapo tena. Padri akampigapiga begani, akasema wema wake umeonekana, akaendelea na matangazo.

Watu walitoka wanamsifu, na kila aliyepita kwenye benchi la nyuma alimpongeza Filemoni. Mpaka Filemoni anazikwa, akiwa bado wa benchi la nyuma, Nanganga nzima ilimjua kama yule mfungwa mwenye mpwa mwema.