Suti ya Lulu na Bahari Iliyohama

"Inua mikono juu, mwanangu, kama unayedaka mpira," Abdulnasir alisema, na Lulu akainua mikono.

Duka lake lilikuwa Kunduchi, chumba kimoja chenye vifaa vya wazamiaji vilivyokwisha kutumika: miwani, mitungi ya hewa, na zile suti nyeusi za mpira mwororo zinazoukinga mwili na baridi ya maji. Za watoto zilikuwa chache. Lulu, mwenye miaka tisa, alikuwa amevaa ile ambayo mama yake, Mwanajuma, alimchagulia. Mikono ilimfika ncha za vidole. Juu ya kiuno, mpira ulifura kama mfuko.

"Hii kubwa, dada," Abdulnasir alisema.

"Ndivyo ninavyotaka. Sare ya shule nimemnunulia ya kukulia, viatu vya kukulia, hata gauni la Idi. Ataijaza."

"Hizo sawa. Lakini hii ikipwaya, maji yanaingia na kutoka, na joto la mwili linatoka nayo. Bora umvike gunia."

Mwanajuma akatazama saa ya ukutani. "Ngoja maji yaje, tuone."

Hawakungoja sana. Maji yaliingia kwa chini ya mlango, maji ya chumvi, yenye mchanga mwembamba. Abdulnasir alichomoa feni iliyokuwa sakafuni, akapandisha maboksi kwenye rafu ya juu. Maji yakampanda Lulu magotini, kiunoni, yakasimama kifuani, pale yanaposimama siku zote. Kundi la dagaa likapita kati ya mitungi.

Zamani walikaa ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, katika nyumba aliyoijenga babu yake Mwanajuma. Mwanajuma alikaanga samaki barazani akawauzia wapita njia. Hoteli ilipoutaka ufukwe walipewa muda wa kuhama, na tingatinga likaja kabla ya muda wenyewe kwisha. Wakaonyeshwa kiwanja Zinga, upande wa mashambani, mbali na maji.

Alasiri ya kwanza huko, Mwanajuma akiwa anafungua mizigo, bahari ilikuja. Haikuja yote. Kilikuja kile kipande cha mbele ya nyumba yao tu, pamoja na jiwe lake lenye chaza. Kilipita katikati ya mihogo ya jirani bila kuiunguza kwa chumvi, kikaingia ndani, kikakaa na Lulu mpaka maji yalipotoka. Tangu hapo kilimfuata kila maji yalipojaa, popote alipokuwa. Jirani yao Genoveva, mkulima aliyetoka bara, alichofanya ni kuliinua banda lake la kuku. Shuleni walimkalisha Lulu dawati la karibu na mlango. Baadaye mwalimu mkuu akasema siku ambazo maji yanajaa saa za masomo mtoto abaki nyumbani, maana vitabu vya wenzake vinaloa.

Lulu hakuwahi kulalamikia bahari. Alilalamikia baridi. Midomo ilimgeuka rangi, na kikohozi kikamkaa kifuani hakitoki. Muuguzi wa zahanati akamwambia Mwanajuma achague: amwondoe mtoto majini au amvike kitu.

"Majini simwondoi," Mwanajuma alijibu. "Bahari imetoka kote kule kumfuata, leo mimi nimfiche? Nitamvika."

Sasa, pale dukani, alimtazama binti yake. "Unaionaje?"

"Maji yanatembea mgongoni, mama. Baridi ile ile."

Mwanajuma akachukua suti ndogo zaidi, akaenda na Lulu nyuma ya pazia. Huko walisikika wakivutana na mpira, mara wakicheka, mara Lulu akisema mguu umekwama. Walipotoka, mpira ulikuwa umemshika mtoto mwili mzima kama ngozi yake. Abdulnasir alieleza tu, mama akapima kwa mkono wake. Shingoni kidole kimoja kilipita, cha pili kikakataa. Kwapani hapakuwa na mkunjo. Lulu alichuchumaa mpaka maji yakamfika kidevuni, akasimama, akavuta pumzi ndefu, akapiga miayo kwa makusudi.

"Inabana?"

"Inanikumbatia."

Mwanajuma akapitisha kiganja mgongoni. Mpira ulikuwa umelala, na chini yake palikuwa na joto.

"Mwakani haitamtosha," alisema.

"Haitamtosha," Abdulnasir alikubali.

"Basi mwakani nitakuja tena. Na mwaka wa pili wake. Tutapanda saizi moja moja mpaka afike yangu. Hao wanaosema hili ni jambo la kupita, nataka wanione nikija."

Wanaosema hivyo walikuwa watu wa hoteli. Cosmas, aliyetumwa nao, alikuwa amekwenda Zinga na viatu vyake mkononi, akaeleza kwa adabu kwamba mbele ya hoteli pamebaki tope tupu, wageni wanalalamika, na kwamba familia ingefanya uungwana kuirudisha bahari.

"Sisi tulihamishwa kwa amri," Mwanajuma alimwambia. "Bahari haikupewa amri na mtu. Imehama kwa hiari yake."

"Lakini mama, ile ni bahari ya pale."

"Hata sisi tulikuwa watu wa pale. Turudisheni, nayo itarudi."

Cosmas alisema mahali penyewe pamekwisha kujengwa bwawa la kuogelea.

"Basi waogelee humo," Mwanajuma alisema, akamkaribisha chai.

Hoteli ikapeleka malalamiko ofisi ya ardhi. Shauri likapangwa saa nne asubuhi, siku ya bamvua, saa ambayo maji yametoka kabisa. Mwanajuma alitambua kwa nini. Alifika na Lulu mapema, mtoto akiwa amevaa suti yake chini ya gauni, wakakaa kwenye benchi. Saa nne ikapita. Adhuhuri ikapita. Afisa wa ardhi, Bwana Ferdinandi, alikuwa kwenye kikao, kisha kwenye chakula. Alipotokea, alasiri ilikuwa imeingia na maji yalikuwa yameshafika kwenye ngazi.

"Shikamoo," Lulu alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Wakaingia. Makarani walipandisha majalada juu ya makabati. Cosmas alikunja suruali, alipoona haifai akaikunjua. Bwana Ferdinandi alipanda juu ya kiti, akasoma uamuzi kwa sauti ya kusikika, kwa sababu mawimbi yalikuwa yakipiga ukuta. Ufukwe ni wa hoteli. Kuhamishwa kwa familia kulikuwa halali. Kuhusu bahari, ofisi haina mamlaka nayo, ila familia inashauriwa kuizuia isiendelee kuleta usumbufu.

Lulu alikuwa amevua gauni, akielea chali kati ya meza mbili, mikono wazi. Hakutetemeka. Hakukohoa.

"Mmeelewa?" Bwana Ferdinandi aliuliza.

"Tumeelewa," Mwanajuma alisema. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Akavuta kiti kilichokuwa kikielea, akakizamisha, akakikalia.

"Shauri limekwisha, mama. Mnaweza kwenda."

"Nimesikia. Sisi tutakaa hapa mpaka maji yatoke, maana huwa hatuyaachi njiani. Kesho yatachelewa kidogo kujaa. Mtakapofungua mtatukuta."

Bwana Ferdinandi alishuka kwenye kiti, akapita kando ya Lulu taratibu asimpige kumbo, akaenda zake nyumbani akiwa amelowa hadi kiunoni. Kesho yake aliwakuta, na kesho kutwa pia.

Uamuzi haukubadilika. Kabla ya wiki kwisha fundi aliitwa akapandisha soketi za umeme juu ukutani, na makarani wakaanza kuja kazini na kandambili.