Mandolini Haipigwi Msasa

Kaka yangu mkubwa hakuniomba. Alisubiri niende kazini, akaingia chumbani kwangu, akachukua mandolini ya marehemu mama, ile ala yake ya nyuzi kama gitaa dogo, na kumpelekea seremala aipige msasa na vanishi. Wazazi wa mchumba wa binti yake walikuwa wanakuja Jumapili, naye alitaka waikute inang'aa ukutani. Mandolini ambayo mama aliniachia mimi, kwa kinywa chake, na huyohuyo kaka akisikia! Ya kale dhahabu, wanasema. Kwa kaka, ya kale ni aibu.

Niliacha gauni la watu chini ya sindano ya cherehani, nikatoka mbio na futi yangu shingoni. Seremala mwenyewe tunamwita Keshokutwa, maana kitanda changu alikimaliza baada ya miezi saba. Siku hiyo ndiyo kaamua kuwahi.

"Karibu dada, nimeshaanza!" akasema, kafurahi kabisa.

Nyuzi zote nane alikuwa amezikata kwa koleo. Na kile kijiti kidogo kinachobeba nyuzi juu ya tumbo la mandolini, amekigandisha kwa gundi ya mbao.

"Umekigandisha?"

"Kilikuwa kibovu. Nilipotoa nyuzi kikadondoka chenyewe. Nimekusaidia."

Lahaula! Kijiti kile hakigandishwi. Kinasimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu, na kikisogea kidogo, hata kwa unene wa ukucha, ala nzima inasema uongo. Nikamwona anachukua msasa. Nikamdaka mkono.

"Hapo palipochubuka ni kucha za mama, miaka arobaini. Ukipagusa, nitakupiga msasa wewe."

Nikampigia kaka simu palepale.

"Mwache fundi amalize," akasema. "Kitu kimechakaa hivyo, wageni watatuonaje?"

"Watatuona tulivyo," nikasema, nikakata.

Nikaichukua, nikarudi nayo nyumbani. Siku mbili nilikaa nayo mezani, nikiweka kitambaa cha maji ya moto juu ya gundi, nikichokonoa kwa wembe wangu wa kufumulia mishono. Niliogopa, sifichi. Kama sauti ya mama imepotea, basi imepotea, hakuna duka la kuinunua. Jumamosi asubuhi kijiti kikaachia. Kando kidogo ya gundi, kwenye vanishi ya zamani, palikuwa na alama mbili hafifu, ndogo kama punje za mchele. Hapo ndipo kilipokuwa kikisimama miaka yote. Msasa ungepita mara moja tu, zingefutika.

Nikafunga nyuzi mpya, mbili mbili, nikakisimamisha kijiti juu ya alama. Nikadonoa uzi ukiwa wazi, kisha nikaubonyeza katikati na kuudonoa tena. Sauti ileile, imepanda juu tu. Haikukosea hata chembe. Nikalia mpaka pua ikaniwasha.

Jumapili wageni wakafika. Kaka akanivuta ukumbini.

"Mdogo wangu, nakuomba. Itundike tu, usiipige. Hujui kupiga."

Kweli, sijui. Najua wimbo mmoja na nusu. Lakini mama naye alianza bila kujua, na hakuna aliyezaliwa anajua.

"Kaka, kama unataka pambo, tundika picha yako," nikamjibu. "Hii ina sauti."

Nikaenda kukaa katikati ya sebule, nikaipakata. Nikaanza. Mstari wa pili nikakosea, nikarudi nyuma, nikakosea palepale. Baba wa mchumba akakohoa. Mkewe akainama kuiangalia ile sehemu iliyochubuka.

"Ni ya zamani sana, eti?"

"Mtusamehe jamani," kaka akadakia, "huyu dada yangu, na hicho kidude chake, tulikuwa tumepanga..."

Nikapiga kwa nguvu zaidi, nyuzi zote nane, mpaka msamaha wake usisikike.