Pale Anapoupenda Kanali

...na maji nayo yamepata uvuguvugu, jua la Desemba la Islamabad halina nguvu hata ya kukausha jasho lakini chupa limeiona, Gulrukh akanywa hivyohivyo, akautazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya goti kama unavyoutazama mkono wa abiria uliyekaa naye kiti kimoja, una miaka thelathini na miwili na umeshika raketi ya tenisi tangu ukiwa na miaka saba, mapumziko ni sekunde tisini, labda ishirini zimeshakwenda, kila mmoja ana seti moja, na katika hii ya tatu Zufi anaongoza gemu tano kwa nne, wakiinuka ni Zufi anayeanzisha, akiichukua gemu hii moja basi bingwa wa wanawake wa taifa zima ni mtoto wa miaka kumi na saba, na bingwa ndiye anayeondoka na timu ya taifa kwenda kucheza Tashkent, nafasi iliyobaki ni moja tu, katibu wa chama alisema hivyo asubuhi akitafuna samosa bila kumwangalia mtu usoni, na atakayekosa atabaki, Zufi akibaki ana mwaka ujao na mwingine na mwingine, yeye Gulrukh akibaki amebaki moja kwa moja, atawafundisha wake za makanali Jumanne na Alhamisi, atakuwa Baji wa kila mtu, dada mkubwa wa klabu nzima, aliiwaza picha hiyo na haikumuuma, ajabu, ilikuwa kama kusoma habari za mtu mwingine gazetini... “Zufi! Kunywa kidogokidogo, usibugie!” huyo ni Anti Tahira, mama yake Zufi, safu ya pili, shali ya kijani, kisha sauti ileile ikashuka ikimwambia jirani, “...huyu Gulrukh ndiye kamfundisha, miaka miwili sasa, mwanangu anakula kwake kuliko kwangu...” na mwanamume mmoja nyuma yao, kinywa kimejaa, “Ndiyo maana! Mwalimu anatoa zawadi leo. Hamwoni? Kila mpira anamletea mtoto mpaka mlangoni,” wakacheka, si kicheko kibaya, kicheko cha watu wenye chai mkononi... mpaka mlangoni, alisema, na Gulrukh akaanza kuirudia gemu iliyopita mpira kwa mpira, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, mpira wa kwanza upande wa kulia wa Zufi, wa pili kulia, wa tatu kulia, kimo cha kiuno, polepole kidogo, mipira saba na yote imekwenda kulia, na Zufi hupenda kulia, Zufi wa kulia anaua, wakati kushoto mpira ukiruka juu ya bega anarudi nyuma kwa mguu usiofaa na kuupapasa, hakuna mtu Pakistan nzima anayelijua hilo kuliko Gulrukh, amelipigia kelele miaka miwili, “mguu, Zufi, mguu!”, na leo katika seti tatu hajampelekea mpira huo hata mara kumi, je, ni mapenzi, ni uzee, au ni lile wanalolisema safu ya tatu... lakini hapana, kule Antalya, Uturuki, hakukuwa na mwanafunzi wake, Antalya alikuwa na miaka ishirini na mitatu na namba mia tano ishirini na saba duniani, juu kuliko alivyowahi kufika, na akashindwa mechi ya kufuzu na Mbulgaria aliyekuwa na homa, na kocha mmoja mwanamke wa Kituruki akamfuata kwenye bomba la maji akamwuliza, “Kwa nini unampa? Unampa mpira kama unamkaribisha mgeni chai,” na yeye akadhani mama yule ana dharau, akaenda chumbani akavua suruali nyeusi ya kubana anayovaa chini ya kaptura ili baba yake mdogo wa Kohat asipige simu tena kuhusu picha za gazetini, akalala, akaamka, akaenda Tashkent, Sharm el-Sheikh, Delhi mara moja viza ilipopatikana, na kila mahali nne kwa sita, tano kwa saba, karibu, karibu sana, binti hodari bahati hana, ndivyo walivyoandika, na yeye aliamini kwamba Mungu amempa kipaji cha kufika karibu... lakini mkono huu ulifundishwa na nani? na Ustad Painda, maka wa klabu ya Peshawar, mtumishi aliyelipwa kucheza na wanachama, baba akimleta Gulrukh alfajiri kabla wanaume wenye klabu hawajafika, na wakifika yeye alikaa nje ya wavu akitazama, miaka tisa alitazama, Kanali mwenye tumbo anapiga, Ustad anakimbia, anaurudisha palepale, kulia, kimo cha kiuno, na mwisho Kanali anashinda sita kwa tatu na Ustad anafuta uso akisema, “Leo Kanali Saheb umeniua!” na akiwa na binti peke yao, “Kazi yangu si kushinda, bachi, mwanangu. Kazi yangu Kanali arudi nyumbani na furaha ili kesho aje tena. Mpira mpelekee pale anapoupenda,” na mikono yake ilikuwa mizuri kiasi kwamba mtoto alimwiga kila kitu, mshiko, hatua, hata kile kikohozi chake kabla ya kuanzisha, kila kitu, ee Mungu, hata hilo...

“Baji.” Zufi alikuwa ameinama mbele yake, kidole kinatoka damu. “Una plasta? Yangu imekwisha.” Anayo, daima anayo, akakishika kile kidole akaanza kukizungushia, hata sasa anamhudumia, “Kaza, Baji, kaza, usinionee huruma,” “Nani anakuonea huruma?” “Wewe. Mama ameona, wasichana wote wameona. Nikienda Tashkent watasema Baji kamwachia, nitacheza huko na hilo mgongoni,” “Sijakuachia kitu, Zufi,” “Basi unafanya nini?” na mtoto akamtazama kwa hasira ya kweli, macho yamejaa, akanyakua kidole chake akarudi kwenye benchi lake... basi unafanya nini, na jibu lipo ila ni refu, lina Peshawar ndani yake, lina siku ile ya Juni wanachama walipokuwa wamekimbilia Murree milimani kwa sababu ya joto na uwanja ukaachiwa maka wa klabu zote wacheze wao kwa wao, mara moja kwa mwaka, Gulrukh ana miaka kumi na mmoja, na Ustad Painda dhidi ya Ustad Sharif wa Rawalpindi mwenye goti bovu, na Painda akawa mtu mwingine, mpira mfupi, mfupi tena, mfupi, akalitafuta lile goti mchana kutwa bila aibu, na Gulrukh akalia akimwambia baba kwamba Ustad ana roho mbaya, halafu mechi ikaisha na Sharif akaja akichechemea, anacheka, akamkumbatia Painda akamwambia, “Mwaka mzima wewe peke yako ndiye umenihesabu mchezaji,” maneno aliyoyasikia mtoto na kuyaweka mahali asipopajua, miaka ishirini na moja, kwa hiyo makanali hawakuwa wakiheshimiwa, walikuwa wakihudumiwa, na Sharif ndiye aliyeheshimiwa, na yule Mbulgaria, na wale wote wa nne kwa sita, wote amewahudumia, na huyu hapa anayelia kwa siri ndani ya taulo anaomba achezewe kwenye goti lake... “Muda,” mwamuzi akasema, wakainuka, ubaoni bado tano kwa nne, wakapishana karibu na nguzo ya neti na Gulrukh akafungua mdomo amwonye, kushoto, juu ya bega, angalia mguu, mwanangu, lakini akaona kwamba hata hilo ni chai ya mgeni, akaufunga, akapita bila neno, na Zufi akageuka kumtazama kwa sababu Baji hajawahi kumpita bila neno, na Gulrukh hakugeuka.